Kujitegemea kwa Nauli ya Nani?

Neno "kujitegemea" lina heshima yake katika nchi hii. Mwaka 1967 liliingia katika Azimio la Arusha, na maana yake ilikuwa kwamba mtu asiishi kwa jasho la mwenzake. Leo ukilisikia katika chumba cha habari, limegeuzwa nje ndani. Mwandishi wa kujitegemea ni yule ambaye redio inaishi kwa jasho lake, kisha inampongeza kwa kuwa huru.

Nasema hivi kwa sababu hakosekani kijana wa mjini, mwandishi mwenzetu, anayesifu maisha ya ripota asiye na bosi. Eti anaamka anapotaka. Eti hana wa kumfokea. Bwana wee, njoo Busi.

Busi ni kata ya wilaya ya Kondoa. Ukiiacha lami ya barabara kuu ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa 2018, unatafuta bodaboda, na bodaboda haijui uhuru wa mwandishi, inajua pesa. Sasa tuseme pampu ya kisima imekufa na kina mama wanafukua mchanga wa korongo kupata ndoo moja. Hiyo ni habari. Lakini ili iwe habari na si umbea, lazima uende ukaione pampu, umsikie mama mwenye ndoo, umuulize mwenyekiti wa kamati ya maji fedha ziko wapi, halafu uende Kondoa mjini ukawasikie wakala wa maji vijijini, RUWASA, maana nao wana upande wao. Siku mbili hizo, kama hujakutana na "mhusika yuko kikaoni". Nauli yako. Vocha yako. Chakula chako. Simu unayorekodia ni yako na ikianguka mtoni ni msiba wako.

Ukishatuma, unalipwa ikitangazwa tu. Isipotangazwa, basi ulikuwa umetembea kwa afya yako. Ikitangazwa ni sekunde arobaini, na malipo yake yatakuja mwezi yatakapojisikia kuja. Nimepeleka habari kwenye vituo zaidi ya kimoja. Sitavitaja, maana hesabu ni ileile: ukitoa nauli kwenye malipo, mara nyingi kinachobaki ni deni.

Hebu tazama upande wa pili. Mheshimiwa anakuja kuzindua kitu. Kuna nafasi garini, kuna wali na nyama, na jioni kuna bahasha, au mshiko kama wanavyouita. Hotuba yote imo simuni, hakuna wa kuhakikisha. Ripota anapanda gari. Nani asiyepanda? Wapo wanaotuhubiria maadili kwenye semina, nao wenyewe wamelipwa posho ya kuja kuhubiri. Mimi simlaumu sana anayepanda. Namlaumu aliyepanga malipo ili gari la mheshimiwa liwe njia pekee ya habari kutoka kijijini. Ndiyo maana Busi hutajwa redioni siku mkubwa akifika Busi, na akiondoka, kata inarudi kimya chake mpaka ziara ijayo.

Ingekuwa redio ya mfanyabiashara nisingepoteza wino. Yeye anatafuta tangazo la sabuni, na hajatuahidi kitu. Lakini redio ya umma inasimama kwa fedha ya umma, na mkulima wa alizeti analipa kodi kila anaponunua hiyo sabuni.

Si mazoea mapya haya ya kutufanya wasikilizaji tu. Mwaka 1973 Redio Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili walikaa katika makundi vijijini kusikiliza, kujadili, kuchimba vyoo. Ilikuwa kazi kubwa na siidharau. Natamani hata nusu yake leo. Ila sauti ilitoka Dar es Salaam kuja kijijini, na kijiji kikajibu kwa jembe.

Halafu 1993 ukaja mchezo wa redio wa Twende na Wakati, uliofundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Nchi iliusikia, isipokuwa sisi wa mtambo wa Dodoma. Tuliwekewa vipindi vingine hadi 1995, ili watafiti wapate watu wa kulinganisha na waliousikia. Sijui kama mnaelewa, ndugu zangu. Kwa miaka miwili kazi yetu katika redio ya taifa ilikuwa kutosikia! Utafiti ulikwenda vizuri, ukachapishwa, unatajwa vyuoni hadi Marekani. Nakubali ulithibitisha kuwa redio inabadili maisha ya watu. Ndiyo hoja yangu hasa: kama ina nguvu kiasi hicho, basi nani anaamua isikike wapi na imsikie nani?

Watasema, siku hizi kila mtu ana simu, habari zinakuja zenyewe. Zinakuja, ndiyo. Inakuja picha ya pampu mbovu, haijulikani ni ya Busi au ya Singida, ya mwaka huu au wa juzi. Simu inaleta uvumi mlangoni. Wa kwenda kuuliza ni mtu. Tena mtu anayejua Kirangi. Utangazaji wetu ni wa Kiswahili na Kiingereza, na bibi anayeeleza kisima kilivyochimbwa na nani alikula fedha hawezi kuyasema yote hayo kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Lazima awepo wa kumsikiliza kwa lugha yake na kuyatoa bila kuyapunguza. Kazi hiyo ya ukalimani, katika malipo, haina hata senti.

Na hatari? Novemba 2017 Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeyaandikia magazeti ya Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti na Rufiji, alichukuliwa na watu wasiojulikana. Hajaonekana tena. Mwaka mmoja kabla yake ilipitishwa Sheria ya Huduma za Habari, inayomtaka mwajiri amwekee bima mwajiriwa wake. Mwajiriwa! Sisi tunaokwenda mbali zaidi ndio neno hilo limetuacha kituoni.

Sidai mshahara wa Dodoma mjini. Nadai nauli itolewe kabla ya safari. Habari ikishaagizwa na kukubaliwa ilipwe hata kama hotuba ya waziri imekula muda wake. Bima iwe ya safari, hata kama si ya mwaka. Na jina la aliyekwenda lisomwe, si lile la aliyesoma.

Wahariri watasema fungu halipo. Lipo la mafuta ya msafara, tumeliona. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaoandika hadithi humu na kutuma habari redioni mchana: tusikubali tena kutumwa bila nauli mkononi. Nimeshazungumza na wawili wa Kondoa na mmoja wa Chemba. Yule wa Chemba anasema atajiunga akishalipwa za mwezi wa tatu.