Kabla ya Kununua Kitanda cha Ghorofa, Pima Godoro

Msomaji, ikiwa wewe ni mmoja wa wale wanaofanya kazi Nairobi, Nakuru au Mombasa na kuwatumia wazazi mashambani pesa za kuwanunulia watoto kitanda, makala ya leo nimekuandikia wewe. Nakusihi uyasome kabla hujatuma pesa hizo.

Mimi ni daktari wa kawaida, wala si bingwa wa mifupa au wa ubongo. Kliniki yangu iko hapa Chepilat, soko lililo mpakani mwa kaunti za Bomet na Nyamira, kwenye barabara itokayo Kisii kwenda Sotik na Kericho. Wakipsigis wako upande mmoja, Wagusii upande wa pili, na majani chai pande zote mbili. Kando ya barabara mafundi wa kuchomelea vyuma na maseremala hupanga vitanda vyao mpita njia avione. Kitanda kinachotafutwa sana na wenye watoto ni kile cha ghorofa, au deka kama tunavyokiita. Sababu ni wazi. Nyumba ni ndogo, watoto ni wengi, na sakafu iliyobaki inahitajika kwa meza ya kusomea.

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, wakati baridi ya huku kwetu huwa kali, nyanya mmoja alinijia akiwa amembeba mgongoni mjukuu wake wa miaka minne. "Daktari," akaniambia, "mtoto huyu ana usingizi mwingi leo." Nilipomdadisi nikaambiwa kwamba usiku mtoto alianguka kutoka kitanda cha juu. Alilia, akabembelezwa, akanyamaza. Kulipokucha alikunywa chai akatoka nje kufukuza kuku kama kawaida yake. Ilipofika saa nne akatapika mara mbili, kisha akalala, na ikawa vigumu kumwamsha.

Nilipommulika macho, mboni moja ilikuwa kubwa kuliko ile nyingine. Sikungoja kuona zaidi. Tulitafuta gari, nikapanda nao mwenyewe hadi hospitali kubwa. Huko alipigwa picha ya kichwa, ikaonekana kwamba damu ilikuwa imekusanyika kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo. Alipasuliwa siku hiyo hiyo. Mtoto yu hai, na sasa anasoma. Lakini kama nyanya angaliamua kumwacha alale mpaka jioni, labda leo ningekuwa nikiandika habari nyingine.

Baadaye nilipita nyumbani kwao kumjulia hali, nami nikaomba nikione kitanda chenyewe. Nilitarajia kuona kazi mbovu ya fundi. La hasha! Kilikuwa kitanda imara cha chuma, kimepakwa rangi ya buluu, na kitanda cha juu kilikuwa na kinga pande zote mbili. Kinga hiyo ilisimama inchi 9 kutoka kwenye chaga, yaani zile mbao zinazobeba godoro. Kosa lilikuwa kwenye godoro. Baba mtoto, anayefanya kazi Nairobi, alikuwa ametuma pesa za ziada na kuagiza wanunue godoro nene la inchi 8 ili watoto wasiumwe na baridi. Toa 8 katika 9 utaona kilichobaki. Inchi moja! Mtoto alikuwa akilala juu ya kinga kama mzigo uliowekwa juu ya paa la matatu bila kufungwa kamba.

"Mwanangu," nyanya akaniambia, "ajali haina kinga." Ni mama wa umri wa mama yangu mzazi, kwa hivyo nilinyamaza. Lakini kwako wewe msomaji sitanyamaza. Ajali hii ilikuwa na kinga. Fundi aliichomelea na mteja akailipia, kisha ikamezwa na godoro lililonunuliwa kwa upendo.

Katika nchi nyingine jambo hili halikuachwa kwa fundi na mteja waelewane wenyewe. Kanuni za Marekani zilizoanza kutumika mwaka 2000 zinataka kinga ya kitanda cha juu isimame angalau inchi 5 juu ya godoro. Soma tena: juu ya godoro, si juu ya chaga. Bara Ulaya wanadai zaidi kidogo, kama sentimita 16, nao humtaka mwenye kiwanda aweke alama kwenye kitanda kuonyesha godoro lisipite wapi. Kwa hivyo ukienda kwa fundi, anza na godoro. Ukitaka la inchi 4, mwambie kinga isipungue inchi 9 au 10 kutoka kwenye chaga. Ukitaka la inchi 6, basi iwe 11 au 12. Mwambie pia apake mstari wa rangi ndani ya kinga, ili mwaka ujao godoro likibadilishwa aliye nyumbani ajue mwisho wake ni wapi. Rangi kidogo tu, na fundi hatakulipisha kwa hilo.

Na kama hofu yako ni baridi, ongeza blanketi. Godoro zuri la inchi 4, lisilobonyea hadi mtoto akahisi mbao mgongoni, linamtosha kabisa mtoto wa miaka 7 au 8. Jiko la makaa lisiingizwe kabisa chumbani humo, maana hewa yake yenye sumu huua watu usingizini bila hata kuwakohoza.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni umri. Jibu ni miaka 6. Mtoto ambaye hajafika hapo asilale juu, hata akilia. Watoto wote hupenda kulala juu, nami nakubali kwamba kumkatalia usiku mmoja ni rahisi kuliko kumkatalia kila usiku. Lakini mtoto mdogo ana kichwa kizito kikilinganishwa na mwili wake, kwa hivyo anapoanguka aghalabu hutangulia kichwa. Tena anapoamka usiku kwenda haja, husahau kuwa yuko juu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Pediatrics huko Marekani ulikadiria kwamba kati ya 1990 na 2005 watoto na vijana karibu 36,000 walitibiwa hospitalini kila mwaka kwa majeraha yaliyotokana na vitanda vya ghorofa. Karibu nusu yao walikuwa hawajatimiza miaka 6. Wengi walikuwa wameanguka.

Umri si jambo pekee. Mtoto mwenye kifafa alale chini, awe na miaka 6 au 16. Vivyo hivyo mwenye tabia ya kutembea usingizini, na yule anayekojoa kitandani, ambaye hapaswi kushuka ngazi gizani kila usiku kwa haraka na aibu. Mwenye pumu ni kinyume chake. Akilala chini, vumbi la godoro la juu humshukia usoni kila ndugu yake anapojigeuza. Ikiwa ni mkubwa wa kutosha na kinga ni nzuri, yeye ndiye wa kulala juu.

Sasa nikiri kosa langu mwenyewe. Deka la kwanza nililowanunulia watoto wangu lilikuwa na kinga upande mmoja tu. Nilijiambia kwamba upande wa pili kuna ukuta, na ukuta haung'oki. Ni kweli ukuta haukung'oka, ila kitanda kilisogea. Watoto waliruka juu yake, miguu ya chuma ikateleza kwenye simiti, na nafasi ya inchi chache ikajitokeza. Usiku mmoja tulisikia mayowe. Binti yangu alikuwa ameteleza katikati ya godoro na ukuta, amekwama kwapani, miguu ikining'inia. Hakuumia. Mama yake hakusema neno, alinitazama tu, nami nilikuwa kwa fundi kabla jua halijachomoza.

Hatari ya namna hiyo ndiyo inayofanya nafasi za kwenye kinga kuwa jambo kubwa. Wazazi huogopa uwazi mkubwa na kuupuuza ule mdogo. Uwazi unaozidi inchi 3 na nusu, karibu sentimita 9, waweza kupitisha kiwiliwili cha mtoto mdogo kisha kichwa kikakwama. Hapo mtoto ananyongwa na uzito wake mwenyewe. Chukua tepu ya kupimia uende nayo. Kwa sababu hiyo hiyo usiruhusu mikanda, skafu, kamba za kurukia au kamba za chandarua zining'inie kwenye kitanda.

Kuhusu mbao au chuma sina upande. Ubaya wa mbao za huku ni kwamba mikaratusi huuzwa ikiwa bado mibichi. Kitanda husimama imara dukani, kisha mbao hukauka, hujipinda, na skrubu hulegea. Chuma hakilegei upesi, lakini pitisha kidole kwenye ncha zake uone kama zimezibwa na kusuguliwa. Kikamate kitanda kwenye nguzo ukitikise kwa nguvu zako zote. Fundi akikukasirikia, nenda kwa jirani yake. Kisha panda ngazi wewe mwenyewe. Ngazi zilizosimama wima kabisa, zenye vidaraja vya chuma chembamba cha mviringo, huumiza nyayo, na mtoto ambaye nyayo zake zinaumia hujifunza kuruka kutoka juu. Mifupa ya mikono ninayoifunga plasta kwa ajili ya deka mara nyingi ni ya watoto walioruka, si ya walioanguka usingizini.

Ndani ya chumba, mtoto wa chini aweze kuketi wima bila kugonga kichwa. Kadiria futi 3 kutoka godoro la chini hadi chaga za juu, na nafasi kama hiyo kati ya godoro la juu na dari au mabati. Kitanda kisikae chini ya taa wala karibu na dirisha.

Umeshapima vyote hivyo nyumbani. Je, bwenini umepima? Nchini mwetu maelfu ya watoto hulala kwenye deka ambalo mzazi hakulichagua wala hajawahi kuliona. Kila Januari naona wazazi hapa sokoni wakichagua kwa makini sanduku, ndoo na godoro la shule, lakini ni wachache wanaouliza godoro hilo litawekwa wapi. Wengine hudhani wakubwa hawaanguki. Ule uchunguzi wa Marekani ulionyesha kwamba vijana wa miaka 18 hadi 21, umri wa kukaa mabweni ya vyuo, waliumia zaidi kuliko wale wa miaka 14 hadi 17.

Na bwenini kuna moto. Mwezi Machi 2001 wavulana 67 walikufa katika bweni la Kyanguli, Machakos. Mnamo Septemba 2024 wengine 21 walikufa Hillside Endarasha, Nyeri. Deka halikuwasha mioto hiyo. Lakini deka zikisongamana, watoto hawana njia ya kupita. Mwongozo wa usalama shuleni ambao Wizara ya Elimu iliutoa mwaka 2008 unataka nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na njia ya kupita ya mita 2. Milango ifunguke kwa nje na isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, nayo madirisha yasiwe na vyuma. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, niliona vitanda vya ghorofa tatu, na kati ya safu na safu ilinibidi kupita kwa ubavu. Nilimuuliza mwalimu mtoto wa juu kabisa angeshukaje moshi ukitanda. Alinijibu kwamba wanafunzi ni wengi. Hilo nililijua tayari. Siku ya wazazi, usiishie kwenye nyasi na chupa ya soda. Omba kuingia bwenini. Mwongozo huo uko upande wako.

Mtoto akianguka licha ya yote, usimnyanyue kwa pupa ikiwa analalamikia shingo au hawezi kusogeza mguu au mkono. Hospitalini, mtoto wa miaka 2 au zaidi aliyeanguka kutoka kimo kinachopita futi 5 huangaliwa kwa makini ya pekee. Kwa aliye mdogo zaidi, futi 3 zinatosha. Deka nyingi za hapa zinafika huko. Mlete haraka akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia kupita kawaida, akishikwa na kifafa, akichanganya maneno, akitokwa na damu au maji maangavu masikioni au puani, au maumivu ya kichwa yakizidi badala ya kupungua. Usidanganywe na saa chache za nafuu, maana damu ya ndani hujikusanya polepole wakati mtoto anacheza. Wazee wa Kigusii, ng'ambo ya barabara yangu, walikuwa na waganga mashuhuri wa kupasua fuvu. Sikushauri uwaendee, lakini angalau walijua kwamba kichwa kilichogongwa hakipuuzwi.

Mkono uliovimba nao usikandwe. Nimepokea viwiko vilivyokandwa siku tatu, vidole vikiwa vimeshakufa ganzi.

Yule mtoto wa Julai sasa analala chini. Dada yake yuko juu, ana miaka 9. Lile godoro nene nyanya amelichukua alilalie yeye mwenyewe, na ananiambia mgongo wake haujawahi kupata raha kama hiyo.