Mkojo Upimwe Kwanza



Sisi makarani wa Chukwani twakaa kitini tangu asubuhi, joto kali, na maji twanywa kidogo mno. Ubavu ukituuma twasema ni ngiri, tukanunua dawa kwa kubahatisha. Mwenzetu mmoja aliuficha uchungu wake asije akaitwa mtoro. Kumbe ni jiwe la figo.

Tena hapa Unguja damu katika mkojo yaweza kuwa kichocho, yaweza kuwa jiwe. Prazikwanteli huua minyoo ya kichocho, lakini haivunji jiwe. Basi yatupasa kupimwa kwanza: mkojo hutazamwa kwa hadubini, damu huonyesha jinsi figo zifanyavyo kazi, na altrasaundi huweza kuonyesha jiwe lilipo. Jiwe lisilozidi milimita 5 aghalabu hutoka lenyewe. Lakini likiandamana na homa, hilo si la kungojwa hata usiku mmoja.

Twakiomba chama kidai mambo mawili: maji safi ya kunywa katika kila afisi, na ruhusa ya kwenda kupimwa Mnazi Mmoja pasipo kuhesabiwa utoro. Mficha maradhi, kifo humuumbua.