Roka za 1.6 zisinunuliwe kwa kusikia tu

Kwa watu wanaoongezea nguvu injini ya V8 ndogo ya Chevrolet, ubishi wa namba mbili haujaisha hadi leo: 1.5 au 1.6. Ni namba za roka, kipande cha chuma kinachokaa juu ya silinda hedi, upande mmoja kikisukumwa na pushirodi, upande wa pili kikibonyeza vali ifunguke. Roka ya 1.5 huupokea mwinuko wa nundu ya kamshafti na kuuzidisha mara moja na nusu; ya 1.6 huuzidisha zaidi kidogo. Wauzaji wa vipuri huisifia hii ya pili kuwa njia rahisi ya kupata nguvu bila kugusa kamshafti, na wateja wengi hutoa pesa kwa sifa hizo peke yake. Hapo ndipo injini nyingi nzuri huharibiwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Nundu yenye mwinuko wa milimita 7.62 hufungua vali milimita 11.43 kwa roka ya 1.5. Ikifungwa ya 1.6, vali hufika milimita 12.19. Ongezeko ni robo tatu ya milimita, karibu asilimia 7. Tena vali haiishii kufunguka zaidi, bali huondoka kwenye siti yake kwa kasi zaidi, hivyo hewa hupata nafasi kubwa mapema huku muda wa vali kubaki wazi ukibadilika kidogo sana. Faida hiyo ni ya kweli, na haina haja ya kubishiwa.

Suala ni kama hedi itaweza kuitumia. Hedi nyingi za zamani za injini hii zina njia nyembamba za hewa, na zikishafika kikomo chake, kuinua vali zaidi hakuleti chochote cha maana. Mwenye hedi ya aina hiyo hulipia roka mpya na kurudi barabarani na gari lilelile.

General Motors wenyewe walitoa mfano mzuri wa jinsi kazi hii inavyofanywa. Mwaka 1996 waliweka injini ya LT4 kwenye Corvette za gia za mkono. Ilikuwa na lita 5.7 kama LT1, injini ya kawaida ya Corvette wakati huo, ila ilifungwa roka za 1.6 zenye rola, zilizotengenezwa na Crane. Nguvu ilipanda kutoka farasi 300 hadi 330. Tangazo la muuzaji huishia hapo, na msomaji hubaki akiamini kwamba farasi 30 zilitoka kwenye roka. Ukweli ni kwamba kamshafti ilikuwa nyingine, njia za hewa kwenye hedi zilipanuliwa, vali ya kuingizia ilikuzwa kutoka inchi 1.94 hadi 2.00, mgandamizo ulipandishwa hadi 10.8 kwa 1, na springi za vali nazo zilibadilishwa. Wahandisi wenye maabara na bajeti ya kampuni kubwa hawakubadilisha roka peke yake. Fundi wa gereji ya mtaani ana sababu gani ya kudhani kwamba yeye anaweza?

Springi ndizo zinazosahaulika kwanza. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila vali hufunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde moja, na springi ndiyo pekee inayoirudisha. Roka ya 1.6 huibana springi zaidi, na papo hapo huongeza uzito unaoshuka kwenye nundu kwa sababu mkono wa upande wa vali umerefuka ukilinganishwa na ule wa pushirodi. Nundu inaumia mara mbili. Kwenye injini za zamani zenye tapeti bapa, zisizo na rola, mateso hayo huwa makali zaidi, kwani oili nyingi za siku hizi zina zinki na fosforasi pungufu kuliko zile ambazo injini hizo zilizoea. Nundu ikishalika, unga wake wa chuma husafiri na oili hadi kwenye beringi.

Kisha kuna nafasi. Vali ikiwa wazi kabisa, springi inatakiwa ibaki na kama milimita 1.5 kabla ya koili zake kugusana. Kati ya vali na pistoni, mafundi wengi huacha milimita 2 upande wa kuingizia na 2.5 upande wa kutolea moshi. Kipimo chake hakihitaji mashine ya gharama. Fundi hubandika plastisini juu ya pistoni, hurudisha hedi, huzungusha kranki kwa mkono taratibu mizunguko miwili, hufungua tena, halafu huikata plastisini kwa wembe na kupima unene mahali vali ilipoacha alama. Wengi hutarajia hatari iwe pale vali inapofunguka kabisa. Kumbe mara nyingi pistoni na vali hukaribiana zaidi pistoni inapokuwa karibu na kilele, vali ya moshi ikimalizia kufunga na ya kuingizia ikianza kufunguka.

Chevrolet ina mtego wake pia. Ili kupata 1.6, kikombe cha pushirodi kwenye roka husogezwa karibu na stadi inayoibeba roka, na kwenye hedi nyingi za zamani pushirodi huanza kusugua ukingo wa tundu linaloiongoza. Tundu hilo lisiporefushwa, pushirodi hulika au hupinda.

Na namba iliyoandikwa kwenye boksi si lazima iwe ndiyo inayofika kwenye vali. Roka za bati zilizokuja na injini hii mwaka 1955 zilikuwa ubunifu mkubwa: nyepesi, rahisi kutengeneza, kila moja ikikaa kwenye stadi yake. Lakini kwa kuwa zilipigwa kwenye kalibu kwa wingi, zimekuwa zikitofautiana, na nyingi hazifiki 1.5 kamili. Kwa gari la barabarani, seti nzuri ya roka za rola za 1.5, zinazolingana zote nane za kila upande, ni ununuzi wa busara kuliko 1.6 za bei rahisi. Zile za 1.6 zina mahali pake, wakati mwingine kwenye vali za moshi peke yake, pale hedi inapokuwa dhaifu upande wa kutolea.

Wenye Probox au IST zenye injini ya 1NZ-FE hawahusiki na ubishi huu, kwa kuwa kamshafti zao hubonyeza vali moja kwa moja bila roka. Mwenye Land Rover Series ya lita 2.25 anahusika, kwani injini yake ni ya pushirodi. Yeye na mwenye Chevrolet wana haki ya kudai kitu kilekile kabla ya kulipa: karatasi yenye mwinuko halisi wa vali uliopimwa kwa geji, nafasi iliyobaki kwenye springi, nafasi ya vali na pistoni, na urefu wa pushirodi unaofaa. Fundi asiyeweza kuijaza karatasi hiyo asikabidhiwe injini.