Mali Bila Daftari: Kuvu wa Miombo na Wajibu wa Vyuo Vyetu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuwausia hivyo wafanyabiashara. Leo nawaelekezea usia huo wasomi wenzangu na wapangao bajeti za vyuo vyetu.

Katika misitu ya miombo, iliyotanda magharibi na kusini mwa Tanzania, huota kuvu wagumu ubavuni mwa magogo, mfano wa rafu ndogo. Mmojawapo, Pycnoporus sanguineus, huonekana kwa mbali kwa wekundu wake. Mpita njia humpuuza kwa kuwa haliwi. Hata hivyo, yeye ni miongoni mwa viumbe wachache wawezao kuivunjavunja lignini, kitu kiupacho mti ugumu wake. Pamoja na mchwa na moto, kuvu hawa huirudisha ardhini rutuba iliyofungwa ndani ya mbao.

Ni nani aliyewaandika? Kitabu cha msingi kuhusu kuvu hawa katika Afrika Mashariki, cha Leif Ryvarden na mwenzake Johansen, kilichapishwa Oslo mwaka 1980. Kile cha uyoga wa Tanzania, alichokiandika Leonard Mwasumbi pamoja na Wafini Marja Härkönen na Tuomo Niemelä, kilitoka Helsinki mwaka 2003. Nawashukuru wageni hao kwa dhati. Lawama yangu ni juu yetu tuliodhani kazi hiyo ni yao.

Najua nitaambiwa: shule hazina madawati, nani ahangaike na kuvu? Lakini kumbukumbu hizi hazidai fedha nyingi. Zatosha kisu, bahasha ya karatasi na penseli ya kuandika tarehe, mahali, jina la mti, na iwapo mti ulikuwa hai au umekufa. Kielelezo kikikaushwa vyema hudumu miaka mingi. Tunachokosa ni mtu aliyeajiriwa kukitunza na mwanafunzi aliyefundwa kukitambua.

Bila kumbukumbu hizo, miombo inapofyekwa kwa ajili ya mkaa na mashamba ya tumbaku, hatuwezi hata kutaja tulichopoteza. Kwa hiyo napendekeza kila chuo kinachofundisha misitu au botania kiwe na mkusanyo wake wa kuvu, na serikali ihakikishe kuwa kila kielelezo kinachovuka mpaka kimeacha pacha wake nchini.