Sio Kila Unachokipenda Lazima Kikuingizie Hela

Kuna swali limewakaa watu wa mjini mdomoni kama bigijii: "Sasa hicho kinakuingizia nini?" Ukijifunza kupika keki, kabla haijaiva unaambiwa ufungue ukurasa uanze kuuza. Ukipiga picha machweo ya jua, unaambiwa ukapige picha kwenye maharusi. Ukikaa na gitaa lako jioni, unaambiwa nenda kwenye bendi. Na ukishika simu ucheze gemu na wenzako, hapo huulizwi tena, unahukumiwa moja kwa moja.

Anayehukumiwa safari hii ni jamaa mmoja wa Mbagala, jina kapuni, umri miaka 27. Mchana anapiga kazi stoo kwenye duka la vipuri vya pikipiki Kariakoo. Jioni anapanda daladala, anarudi zake kwenye chumba cha kupanga, anakula, halafu anakuwa na mambo mawili tu: gitaa lililotumika, alilolinunua kwa shilingi 120,000, na gemu la PUBG Mobile analocheza na washkaji watatu. Hanywi, hazururi, kodi analipa miezi mitatu mitatu kama walimwengu wengine. Ana mchumba na posa imeshajibiwa. Sasa mjomba wake, ambaye ndiye anayesimamia mambo ya mahari, ametoa tamko: gitaa liuzwe, gemu lifutwe, kijana akue. Na mchumba amempa mpaka mwisho wa mwezi aseme anachagua nini.

Hapo ndipo mtaa umegawanyika. Wengine wanasema mjomba yuko sahihi, mwanaume wa miaka 27 anachezaje gemu? Wengine, hasa washkaji wa rika lake, wanasema asiache, ila ageuze mchongo: arekodi, aposti, atafute wafuasi, hela ije. Zinasikika kama kambi mbili tofauti, lakini ukweli ni kwamba zote zinaimba wimbo mmoja. Zote zinaamini kwamba kitu kisicholeta hela hakina haki ya kuwepo. Na hapo ndipo zote zinapochemka.

Tuanze na kambi ya "geuza mchongo", maana jamaa aliwasikiliza. Alirekodi klipu za gitaa, akaposti. Ya kwanza ikatazamwa na watu 14. Basi akawa hapigi tena kusikiliza sauti, anapiga akiwaza ni kipande gani kitashika watu kwenye sekunde tatu za mwanzo. Baadaye akapata dili kwenye send-off, elfu 30 mkononi. Alipofika akaambiwa apige nyimbo tatu alizochagua MC, juu ya biti iliyokuwa inalia kwenye spika, na gitaa lake hata halikusikika. Alirudi nyumbani na elfu 30 yake, gitaa likaning'inia ukutani wiki tatu bila kuguswa. Kitu kilichokuwa kinampumzisha kazi kikawa kazi ya pili, tena yenye bosi mkali kuliko yule wa Kariakoo.

Kuna watu watasema huyo hakuwa na roho ngumu, mbona zamani watu waliishi kwa gitaa? Ni kweli waliishi, lakini angalieni waliishije. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 baadaye ikawa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na ndio maana mpaka leo watu wanaiita DDC Mlimani Park. Kulikuwa na bendi za polisi, za jeshi, za vijana. Mpiga gitaa wa namna ile alikuwa na taasisi nyuma yake, ana mshahara, na vyombo vya kupigia vya mwajiri. Leo kijana anaambiwa aishi kwa gitaa, halafu aliyemshauri hana hata elfu tano ya kiingilio. Huo sio ushauri, ni mzaha.

Kwenye gemu pia, kazi ipo kwa wachache. Kwenye Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou, China, mwaka 2023, gemu za mashindano zilitoa medali rasmi kabisa, na PUBG Mobile ilikuwemo. Lakini mtu anayecheza ndondo pale Mbagala kila Jumapili haulizwi kwa nini hajasajiliwa Ulaya. Anaachwa acheze, atoke jasho, arudi nyumbani. Kwa nini mcheza gemu yeye adaiwe medali?

Sasa twende kwa mjomba. Hoja yake ni kwamba vitu hivi vinapoteza hela na muda. Hela kwanza. Gemu la simu likiwa linachezwa halili bando kama watu wanavyodhani. Saa moja ya kucheza inakula kidogo sana ukilinganisha na saa moja ya kuangalia video kali mtandaoni. Kinachokula ni pale gemu linapotaka kusasishwa, na jamaa hiyo anaifanya kwa waifai ya dukani, bosi wake akiwa anajua. Gitaa nalo likishanunuliwa, gharama iliyobaki ni nyuzi, na seti moja anakaa nayo miezi.

Sasa mlinganishe na vijana wenzake. Kuna ambaye kila wikiendi lazima aweke mkeka. Elfu mbili hapa, elfu tano pale, mwezi ukiisha ni bei ya nyuzi za mwaka mzima. Lakini mjomba hajawahi kuitisha kikao kwa sababu ya mkeka. Unajua kwa nini? Kwa sababu kubeti kunafanana na kutafuta hela. Mtu anapoteza, lakini anapoteza akiwa anatafuta, basi anasamehewa. Anayetumia kidogo kuliko huyo, akafurahi na akalala vizuri, ndiye anaitwa mtoto. Hesabu gani hiyo?

Kuhusu muda, kuna neno moja watu wanalirusha ovyo: uraibu. Shirika la Afya Duniani linautambua kweli uraibu wa gemu, upo kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini ukiusoma vizuri, kipimo chake sio masaa. Kinachotazamwa ni mtu kushindwa kujizuia, kulipa gemu kipaumbele kuliko mambo mengine ya maisha, na kuendelea hata pale madhara yanapoonekana wazi, tena kwa kawaida kwa miezi 12. Mtu anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi stoo na hajawahi kufukuzwa kazi wala kwenye nyumba, huyo sio teja wa gemu. Huyo ana kijiwe chake, ila kijiwe chenyewe kiko kwenye simu.

Na kijiwe hicho kina watu. Hili ndilo wazee wengi halijawaingia. Skwadi ya jamaa ni watu wanne: yeye, mmoja yuko Mwanza, mmoja Mombasa, na mmoja Muscat, mtoto wa familia yenye asili ya Zanzibar. Hawajawahi kuonana uso kwa uso. Lakini wana miaka minne wanasikia sauti za wenzao karibu kila wiki. Wanajua nani mkewe kajifungua, nani kabadilishiwa zamu kazini, nani ana msiba. Kwenye gemu lenyewe kila mtu ana kazi yake: kuna anayetangulia, kuna anayelenga kwa mbali, kuna anayekimbia kumuinua mwenzake aliyeangushwa huku risasi zinapita. Ni kama bendi ya dansi. Solo ndiye anayeshangiliwa, lakini ukitoa rithimu na besi, solo anabaki anapiga kelele peke yake.

Kwa anayedhani urafiki wa namna hii ni wa maigizo, kuna kisa cha kijana wa Norway aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Alikuwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli, akawa anashinda kwenye World of Warcraft. Wazazi wake walikuwa wanaumia wakiamini mtoto wao ataondoka bila kuwa na marafiki. Alipofariki, wakatoa taarifa kupitia blogu yake, zikaanza kumiminika barua pepe kutoka nchi mbalimbali, watu wanaeleza alivyowasaidia na alivyowashauri. Wengine walisafiri kwenda kumzika. Kisa hicho kimetengenezewa filamu, The Remarkable Life of Ibelin, iliyotoka kwenye mtandao wa Netflix mwaka 2024. Wale wazazi walimpenda sana mtoto wao. Walichokosa ni kujua tu kwamba nyuma ya ile skrini kulikuwa na watu.

Lakini kama nyuma ya skrini kuna watu, basi na mbele ya skrini kuna mtu. Na hapa jamaa hana pa kujificha.

Ultimatamu ya mchumba haikuanza hewani. Huyo binti anasuka nywele, alikuwa amepanga kiti kwenye saluni ya mtu. Usiku mmoja mwenye saluni akamwambia atoe vitu vyake, kesho asirudi. Saa 4 usiku yuko barabarani na mabegi mawili, anampigia mchumba wake. Alipiga mara saba. Jamaa yuko kwenye gemu, duara linabana, simu ameiweka isiingize "usumbufu". Aliziona zile simu saba saa 5 na robo. Binti alikuwa ameshapakiwa na bodaboda ya jirani, yuko kwao, analia.

Sasa hapo usilete habari za bando wala Shirika la Afya Duniani. Hapo umezingua, nukta.

Ila tuangalie alichokosea ni nini hasa. Gitaa unaliweka chini sekunde yoyote. Nyuzi hazinuni, haziulizi umeenda wapi. Gemu la skwadi ni tofauti, raundi moja inaweza kufika nusu saa, haisimami, na ukitoka katikati wenzako watatu wanabaki pungufu. Maana yake kila anapobonyeza kuanza, anatoa ahadi kwa watu. Na mtu mwenye ahadi na watu hafanyi siri, anasema. Anayeenda kucheza mpira anaaga: "Natoka saa 10, narudi saa 12." Jamaa yeye alikuwa anapotea tu, usiku wowote, mchumba hajui yuko hewani au amelala. Kosa lipo hapo. Kumwambia auze gitaa kwa kosa hilo ni kama kuku kala mahindi, mnamchinja bata.

Gitaa ndio kwanza lilikuwa linamtengeneza. Mei 12, 2024, siku nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini na mtandao ukayumba nchi nzima, skwadi ilikwama. Vijana wengi walishinda wanazima simu na kuwasha. Yeye alishinda na ile F inayotaka kidole kimoja kibane nyuzi zote sita, ambayo kila anayejifunza gitaa inamtoa machozi. Ncha za vidole zilishaota sugu, lakini ile F ilikuwa inagoma miezi. Jioni ile ikalia safi. Hakuna aliyemlipa, hakuna aliyempigia makofi, isipokuwa huyo huyo mchumba aliyekuwa amekaa pembeni anamenya viazi, akasema, "Hiyo sasa imekaa." Kitu kama hicho unakiuza shilingi ngapi?

Dawa ya hii kesi ni ndogo kuliko kelele zake. Skwadi iwe na siku zake zinazojulikana, tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa 3 mpaka saa 5 usiku, na mchumba azijue kama anavyojua siku za kulipa kodi. Anunue kitochi, kikae mezani kimewashwa, namba wapewe watu wawili tu: mama yake na mchumba wake. Kikilia, anaiacha raundi hata kama wamebaki wawili wa mwisho, na skwadi yake ielezwe hivyo mapema. Washkaji wa miaka minne wataelewa, na wasipoelewa basi hawakuwa washkaji. Gitaa lipigwe kabla ya saa 4, kwa heshima ya wapangaji wenzake.

Mchumba naye asimtake achague kati yake na vitu viwili vinavyomrudishia akili baada ya kutwa nzima ya kubeba maboksi. Mwanaume asiye na chochote cha kumpumzisha hakuletei muda zaidi nyumbani, anakuletea hasira. Adai kupokelewa simu. Hiyo ni haki yake, na asiipunguze hata kidogo.

Na mjomba, shikamoo yake. Ana haki ya kuuliza mahari itatoka wapi na nyumba italishwa na nini. Mpwa wake amjibu kwa hesabu, shilingi kwa shilingi, bila kiburi. Akishajibiwa, gitaa sio lake kulipangia bei.

Wadau, mwisho wa mwezi unakaribia. Auze, asiuze?