Ya Arusha hayatoki kwa limau
Leo nina neno na nyie mliokulia Arusha, mnaocheka mmeziba mdomo kwa kiganja. Juzi saluni nimemkuta dada mmoja anasugua meno kwa mkaa na limau, machozi yanamtoka. Ili iweje? Ile rangi ya kahawia siyo uchafu, jamani. Ni madini ya floraidi kwenye maji ya utotoni, yameingia meno yakiwa bado yamo ndani ya ufizi. Limau linakula gamba la nje la jino, na likiisha halioti tena! Madoa ya chai na sigara hukaa juu juu. Mswaki na dawa vinasaidia, yaliyo sugu daktari wa meno anayakwangua. Hayo ya Arusha mwachie yeye tu. Mshiko utakutoka, najua. Muulize bei kwanza.