Shoka la Kuni na Upanga wa Kuazima

Imezuka kaida katika hadithi za ajabu wanazoandikiwa vijana: kila kijiji cha viumbe wadogo kinapovamiwa, mwandishi hukimbilia upanga. Humwokotesha mmoja wao upanga mrefu unaong'aa, wenye jina na nasaba, kisha akamtoa mbele ya adui kama bwana harusi. Adui huanguka, na wanakijiji, ambao hawakufanya lolote, hupiga vigelegele. Mimi nasema huo ni uzushi, tena wenye madhara kwa mwili wa yule mdogo, kwa akili ya msomaji, na zaidi kwa kijiji chenyewe.

Sisi wa pwani tuna udhuru kidogo. Shujaa wetu mkuu, Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa alimtungia utendi mwaka 1913, alikuwa pandikizi la mtu, na uta wake ulikuwa wa kadiri yake. Masikio yetu yamezoea ushujaa wa namna hiyo. Basi tukija kuwatungia wadogo, tunawatwika uta wa Liyongo, na wao hawana mabega ya Liyongo. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Tuanze na mwili, kwani silaha huanzia hapo. Mahobiti wa J.R.R. Tolkien, ambao kwa wengi wetu ndio mfano wa viumbe hao, wana kimo cha baina ya futi 2 na 4. Mkono wao ni mfupi. Hobiti akisimama kwa upanga mbele ya mtu wa futi 6, ncha ya adui itamfika yeye kabla ncha yake haijamfika adui. Ukimpa upanga mrefu ili kufidia, utamlemea, na pigo lake la pili litachelewa. Tolkien alilijua hilo. Upanga wa Bilbo katika The Hobbit, kitabu cha mwaka 1937, mkononi mwa mtu mkubwa ungekuwa jambia tu. Hata Bandobras Took, aliyesifika kwa urefu miongoni mwao, futi 4 na inchi 5, alimkata kichwa mfalme wa mazimwi kwa rungu la mti.

Uta nao una hesabu yake. Nguvu ya mshale hutokana na ugumu wa uta na urefu ambao upote umevutwa, na mkono mfupi huvuta kidogo. Kwa hiyo mpiga mshale mdogo asiwekwe uwandani peke yake kushindana kwa umbali. Mahali pake ni karibu, juu, nyuma ya kinga, pamoja na wenzake. Silaha ya mdogo, basi, ni kile alichokishika pamoja na pale alipokisimamia.

Ushahidi umo karibu na mwisho wa The Return of the King, kilichotoka mwaka 1955. Mahobiti wanne wanarudi kwao Shire wakakuta majahili wameitawala nchi, miti imekatwa, ghala zimefagiliwa. Wanakijiji wanapoinuka, wanachukua nini? Mashoka, nyundo nzito, visu virefu, fimbo nene, na wachache wana nyuta za kuwindia. Ni vyombo vya kazi, ambavyo viganja vyao vilikuwa vimekwisha kuota sugu kwa ajili yake. Hakuna aliyehitaji kufundishwa uzito wa shoka lake mwenyewe.

Kisha waitazame njia. Karibu na Bywater njia ilipita baina ya kingo za udongo zenye ua wa vichaka juu yake. Majahili walipokata kona walikuta mikokoteni mikuukuu ya shamba imepinduliwa mbele yao, na juu, pande zote mbili, mahobiti wamejipanga. Mikokoteni mingine ikasukumwa kuziba nyuma. Hapo mrefu alikuwa chini na mfupi yuko juu, na uta dhaifu ukawa na umbali unaoumudu. Karibu majahili 70 walikufa na dazeni moja wakatekwa. Mahobiti waliouawa ni 19, na waliojeruhiwa ni kama 30.

Watanijibu kwamba Merry na Pippin walikuwa na panga, na kwamba kiongozi wa majahili aliuawa na Merry mwenyewe. Ni kweli. Lakini iondoeni mikokoteni, muondoe ua na mamia ya watu waliokuwa nyuma yake, halafu mniambie panga mbili zingefika wapi. Kitu cha thamani zaidi alichorudi nacho Merry kutoka vitani kilikuwa baragumu. Tolkien, aliyekuwa ofisa wa mawasiliano ya kijeshi katika vita vya Somme mwaka 1916, alijua kwamba jeshi lisilosikilizana ni umati tu. Nasi tuliorithi siwa ya Pate na siwa ya Lamu hatuhitaji kuelezwa kwamba pembe ikilia mji hukusanyika. Upanga hushikwa na mmoja. Mlio wa pembe ni wa kila mwenye sikio.

Sinema ya mwaka 2003 iliyotokana na kitabu hicho iliifuta sura hii nzima. Wale wanne wanarudi na kukuta kijiji kama walivyokiacha. Hapo ndipo ninapoliona kosa kubwa. Waliosalia nyumbani wamenyang'anywa ushindi wao, na vijana wamefundishwa kwamba vita hupiganwa ugenini na mashujaa, na kwamba kazi ya kijiji ni kungoja. Mwandishi anayemwokotesha hobiti wake upanga wa ajabu anafanya ufutaji huo huo kwa wino. Anawaambia wanyonge kwamba wokovu wao umezikwa mahali fulani wasipopajua, na kwamba mpaka mteule aufukue, wakae na wavumilie. Dhalimu gani asiyeyapenda mafundisho hayo?

Wala sihimizi umwagaji damu. Frodo alikuwepo vitani wala hakuuchomoa upanga. Kazi yake ilikuwa kuwazuia wenzake wasiwaue waliokwisha tupa silaha. Shoka la kazi lina fadhila hiyo pia: vita vikiisha hurudi kuchanja kuni. Upanga wenye jina hauna kazi nyingine, nao hutafuta adui mpya.

Na wapenzi wa ushairi wayazingatie haya ya mwisho. Wale 19 walizikwa pamoja ubavuni mwa kilima, likasimamishwa jiwe kubwa na kuzungushiwa bustani. Majina yaliyohifadhiwa kwa moyo na wanahistoria wa Shire ni ya watu walioshiriki vita, si ya panga. Ndugu waandishi, mkitaka kuwapa wadogo silaha, waulizeni kwanza wanalima nini, wanachanja kuni kwa nini, na njia ya kuingilia kijijini mwao inapinda wapi. Kisha wapeni pembe ya kuitana. Huo upanga unaong'aa mwachieni mfua vyuma, auyeyushe awafulie majembe.